Albamu ya Remmy Ongala ya mwaka 1989: je, inastahili makala yake katika Wikipedia ya Kiswahili?

Kisa hiki kilianza na rasimu ya aya tatu. Mwanafunzi mmoja niliyekuwa namwongoza katika uhariri wa Wikipedia ya Kiswahili aliandika kuhusu Songs for the Poor Man, albamu ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila iliyotolewa mwaka 1989 na lebo ya Real World ya Uingereza, akaniomba niipitie rasimu yake kabla hajaihamishia mahali ambapo wasomaji wote wangeiona. Aya ya kwanza ilisimulia maisha ya msanii, ya pili ilikuwa orodha ya nyimbo, na ya tatu ilikuwa sentensi moja tu, iliyosema kwamba hii ni mojawapo ya albamu bora kabisa katika historia ya muziki wa dansi. Chini yake palikuwa na vyanzo vitano: ukurasa wa lebo yenyewe, kurasa mbili za maduka ya mtandaoni, video moja na blogu ya shabiki. Swali lililobaki lilikuwa jepesi kulitamka: albamu hii ipewe makala yake, au maelezo yake yakae ndani ya makala ya msanii? Kulijibu hakukuwa kwepesi, na naandika hatua tulizopitia kwa kuwa yeyote anayeandika juu ya muziki wa Tanzania wa kabla ya intaneti atakutana na ugumu uleule.

Kuhusu msanii mwenyewe hapakuwa na mjadala. Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki ya Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akahamia katika bendi ya Matimila ambayo baadaye ilikuja kujulikana kama Super Matimila. Aliimba habari za wanyonge, kifo, ufukara na mapenzi kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu. Mwishoni mwa maisha yake akageukia muziki wa Injili, na alifariki dunia tarehe 13 Desemba 2010. Wanazuoni wamemwandika, magazeti yamemwandika, na jiji lenyewe limelibeba jina lake, kwani abiria wa daladala bado hushuka Sinza kwa Remmy. Makala ya mtu huyu haihitaji utetezi wowote. Lakini makala ya mtu si makala ya kila alichokitoa.

Mwanafunzi wangu alilipinga hilo papo hapo. "Mwalimu," aliniambia, "kila mtu Sinza anamjua Remmy. Sasa umaarufu gani tena unatafutwa?" Nililichukua swali lake kwa uzito, kwa sababu kosa lililomo ndani yake si la kwake peke yake, limetokana na neno lenyewe. Wahariri wa Kiswahili tumezoea kuuita mwongozo wa Wikipedia unaoamua jambo lipi lipewe makala yake mwongozo wa umaarufu, na mtu maarufu katika Kiswahili cha kila siku ni mtu anayejulikana na wengi. Mwongozo hauulizi hilo. Unauliza kama watu wasio na maslahi katika jambo hilo wamelichunguza na kuliandika kwa kina, mahali panapoaminika, kiasi kwamba mhariri anaweza kukusanya maandishi yao na kutunga makala bila kuongeza chochote kutoka kichwani mwake. Wimbo unaweza kuimbwa na mji mzima kwa miaka thelathini na bado usiwe na mstari mmoja uliochapishwa juu yake, na kitabu ambacho hakuna anayekisoma mtaani kinaweza kuwa na tahakiki kumi. Laiti neno lililochaguliwa lingekuwa ustahiki, nadhani nusu ya migogoro katika kurasa za majadiliano isingezuka.

Kwa albamu, mwongozo una sharti jingine linalosahauliwa mara nyingi, nalo ni kwamba umaarufu haurithiwi. Albamu haipati makala yake kwa kuwa aliyeitoa ni mtu mkubwa. Inatakiwa iwe na ushahidi wake yenyewe. Ikiwa kinachoweza kusemwa ni jina, mwaka, lebo na orodha ya nyimbo, basi habari hizo zinakaa vizuri zaidi katika makala ya msanii, ambako msomaji anazikuta pamoja na mazingira yake, na jina la albamu linafanywa elekezo linalompeleka huko. Ipo pia orodha ya dalili zinazomrahisishia mhariri kazi: albamu kuingia katika chati ya kitaifa ya mauzo, kupata cheti cha dhahabu cha mauzo makubwa, au kushinda tuzo kubwa. Dalili hizi hazichukui nafasi ya vyanzo. Zinaashiria tu kwamba mahali palipo na chati au tuzo, kwa kawaida pana waandishi waliokwisha kuandika.

Hapo ndipo kisa chetu kilipokwama mara ya kwanza, kwa sababu njia hizo zote za mkato zimefungwa kwa albamu ya Tanzania ya mwaka 1989. Tanzania haikuwa na chati ya kitaifa ya mauzo ya albamu, wala chombo cha kutoa vyeti vya dhahabu. Tuzo za muziki za Kilimanjaro zilianza mwaka 1999, miaka kumi baadaye. Sheria ya hakimiliki iliyoleta COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki nchini, ni ya mwaka huohuo wa 1999. Kabla yake kaseti zilinakiliwa na kuuzwa mitaani bila mtu kuweka hesabu, na pasipo na hesabu hapana chati. Redio za binafsi zilikuwa bado hazijaanza. Radio One ilikuja mwaka 1994. Hata nje ya nchi mlango ulikuwa bado haujafunguliwa, kwa maana chati ya Billboard ya albamu za muziki wa dunia ilianza Mei 1990, miezi kadhaa baada ya albamu hii kutoka. Mhariri anayesema "haikuingia chati yoyote, basi haistahili" atakuwa ameipima Dar es Salaam kwa kipimo ambacho Dar es Salaam haikuwa nacho, na hoja ya namna hiyo siikubali hata ikitolewa kwa nia njema.

Pana jambo zito zaidi chini ya hilo, na nadhani ndilo lenye thamani kubwa katika kisa hiki chote. Albamu, kama kitu kimoja chenye jina, jalada na mpangilio, haikuwa ndiyo njia ambayo muziki wa dansi wa Tanzania ulimfikia msikilizaji wake. Bendi zilikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, zikarekodi nyimbo, na nyimbo hizo zikarushwa moja moja hewani. Kanda zenyewe zilibaki redioni. Watu walizijua nyimbo, walizijua bendi, walizijua kumbi. Santuri zilipotengenezwa, kazi hiyo kwa kiasi kikubwa ilifanyika Kenya, na nyingi zilikuwa santuri ndogo zenye wimbo upande huu na mwendelezo wake upande wa pili. Kwa hiyo tunapouliza kama albamu fulani ya dansi ya miaka ya themanini inastahili makala, mara nyingi tunauliza swali lisilo na mwenyewe, kwa kuwa kitu tunachokiulizia hakikuwapo katika maisha ya wasikilizaji. Kilichokuwapo ni wimbo.

Songs for the Poor Man ni tofauti, na tofauti yake ina uchungu kidogo. Hii ni albamu kwa maana kamili, lakini ilifanywa kuwa albamu kwa ajili ya soko la mbali. Super Matimila walisafiri na WOMAD, tamasha lililoanzishwa Uingereza mwaka 1982, na kutokana na safari hizo wakarekodi katika studio za Real World, lebo ambayo mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel na wenzake wa WOMAD walikuwa ndiyo kwanza wanaianzisha mwaka huohuo wa 1989. Jina la albamu ni la Kiingereza. Nyimbo ndani yake, kama vile "Karola", "Kipenda Roho" na "Sauti ya Mnyonge", ni za Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba wanaoujua muziki wenyewe hawakuijua sana diski hii, na walioinunua diski hawakuyaelewa maneno yake. Makala ya kamusi elezo ikiandikwa vizuri inaweza kuwakutanisha watu hao wawili. Ndiyo maana sikutaka kuikataa rasimu kwa haraka, wala sikutaka ipite ikiwa haina kitu.

Tukaanza kuvipima vyanzo kimoja kimoja. Ukurasa wa lebo ulianguka mara moja kama ushahidi wa ustahiki, kwa kuwa anayeuza hawezi kuwa shahidi wa ubora wa anachokiuza. Hata hivyo hatukuutupa, maana unatosha kuthibitisha mwaka wa kutolewa na mahali pa kurekodia. Maelezo ya jaladani yako katika kundi hilohilo: ni chanzo kizuri cha majina ya wapigaji na vyombo walivyopiga, na yatumike kwa hilo, lakini yameandikwa na watu wa ndani. Kurasa za maduka hazina thamani yoyote. Zinapaswa kuondolewa hata katika makala iliyokwisha kukubaliwa, kwa sababu zinaigeuza kamusi elezo kuwa kibandiko cha bei. Video nayo inathibitisha tu kwamba wimbo upo, jambo ambalo hakuna aliyelikana. Kuhusu blogu, mwandishi wake anaupenda muziki huu na anaujua kuliko wengi wetu, na nilisikitika kuiondoa. Lakini haina mhariri, haina jina la mtu anayewajibika, na nusu ya habari zake zinaonekana kunakiliwa kutoka katika Wikipedia yenyewe. Chanzo kinachotunukuu sisi hatuwezi kukinukuu tena, maana tutakuwa tumejishuhudia wenyewe.

Baada ya hapo nilimwomba atafute nje ya ukurasa wa kwanza wa matokeo ya utafutaji. Alirudi na jambo zuri: makala ya Werner Graebner kuhusu nyimbo za Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila, iliyochapishwa katika jarida la kitaaluma la Popular Music mwaka 1989. Ni chanzo huru, kimepitiwa na wataalamu kabla ya kuchapwa, na kinalishughulikia somo lake kwa kurasa nyingi badala ya kulitaja kwa kupita. Mwanafunzi wangu alidhani kesi imekwisha. Nami nilitamani iwe imekwisha. Lakini tazama kinachozungumzwa: ni nyimbo na mwimbaji, si albamu. Makala hiyo ilitoka mwaka uleule ambao albamu ilitoka, na haiwezi kuwa uchambuzi wa namna diski ilivyopokelewa. Inafaa sana katika makala ya msanii, inaweza hata kubeba makala ya wimbo mmojawapo, lakini haiwezi kuhesabiwa kama ushahidi wa albamu. Ni lazima tujizuie kuchukua chanzo chenye nguvu juu ya jambo moja na kukifungia mzigo wa jambo jingine lililo jirani yake.

Kitabu cha Alex Perullo cha mwaka 2011 kuhusu uchumi wa muziki wa Dar es Salaam, na kile cha Kelly Askew cha mwaka 2002 kuhusu muziki na siasa za utamaduni nchini Tanzania, ni hazina kwa kila anayetaka kueleza mazingira niliyoyataja: redio ya serikali, uhaba wa vyombo, bendi zinazomilikiwa na wenye mitaji, wasanii wasiolipwa haki zao. Vinaweza kutumika kuijenga aya ya usuli. Tanzia za magazeti za Desemba 2010 nazo zinaitaja albamu, lakini kutaja si kujadili. Sentensi inayosema kwamba marehemu alirekodi kwa Real World inathibitisha tukio, basi. Mahali ambapo ushahidi wa albamu unaweza kupatikana ni katika kurasa za tahakiki za majarida ya muziki ya Uingereza na Marekani ya mwaka 1989 na 1990, na kwa upande wetu katika Daily News, Sunday News, Uhuru, Mzalendo na Mfanyakazi za wakati huo, ambazo haziko mtandaoni bali zimejalidiwa katika rafu za maktaba. Mkusanyiko wa East Africana katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mahali pa kuanzia.

Hapa mwanafunzi wangu alitoa hoja iliyokuwa na nguvu kuliko zote alizokuwa ametoa. Alisoma mwongozo akagundua kwamba kinachotakiwa ni vyanzo kuwapo, si lazima viwe vimekwisha kutajwa ndani ya makala. Kama albamu ya lebo ya Peter Gabriel ilitoka Uingereza mwaka 1989, alisema, hakuna mtu mwenye akili atakayeamini kwamba haikuhakikiwa na jarida hata moja. Kwa hiyo tuianzishe makala, na vyanzo vitafuata. Nakubali nusu ya kwanza ya hoja. Ningekuta makala hii imekwisha kuwekwa na mtu anataka ifutwe, ningepinga ufutaji kwa sababu hiyohiyo, na ningeomba muda wa kutafuta. Lakini sisi hatukuwa tunaamua kufuta. Tulikuwa tunaamua kuanzisha. Anayeanzisha ndiye mwenye jukumu la kuleta ushahidi mezani, na Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na ambayo bado ina wahariri wachache, haina jeshi la watu watakaokuja nyuma yake kumalizia. Makala ikiachwa mbegu, yaani fupi na isiyokamilika, hubaki mbegu kwa miaka mingi. Msomaji anaifungua, anakuta orodha ya nyimbo, anaifunga, na pengine harudi tena kutafuta jambo lolote la muziki kwa Kiswahili.

Ile sentensi ya aya ya tatu ilihitaji mazungumzo ya peke yake. Nilimuuliza nani amesema kwamba hii ni mojawapo ya albamu bora kabisa, akajibu kwa unyofu kwamba ni yeye. Hakuna ubaya kuamini hivyo. Mimi mwenyewe siko mbali na imani hiyo. Ila kamusi elezo haina sauti ya kusifia. Mhakiki mwenye jina, katika jarida lenye jina, akisema hivyo, tutaandika kwamba amesema. Jambo lilelile lilihusu maelezo aliyokuwa ameanza kuyaandika juu ya maana ya "Sauti ya Mnyonge", maelezo mazuri, yenye uelewa wa lugha ambao mwandishi wa London asingeweza kuwa nao. Yalikuwa uhakiki wake mwenyewe, na mahali pake ni gazeti au jarida. Nilimsihi ayachapishe huko, kwa sababu kama tunalalamika kwamba hakuna vyanzo vya Kiswahili juu ya muziki wetu, dawa mojawapo ni kuviandika vyanzo hivyo. Rasimu ilidai pia kwamba nyimbo kadhaa za albamu zilikwisha kurekodiwa Radio Tanzania kabla ya kurekodiwa upya Uingereza. Dai hilo likithibitishwa litakuwa kiini cha makala nzima, kwani litaturuhusu kuonyesha kilichobadilika kati ya kanda ya redio na diski ya kuuza ng'ambo. Bila chanzo nililiondoa.

Tukiwa katika kutafuta, likajitokeza jambo ambalo hatukulitarajia. Kila tulipofungua maandishi ya watu wengine kuhusu Remmy Ongala, wimbo uliorudi tena na tena haukuwa wa albamu hii. Ulikuwa "Mambo kwa Soksi", wimbo unaowahimiza watu kutumia kondomu wakati ugonjwa wa UKIMWI ulipokuwa ukiua na wengi wakiona haya kuutaja. Redio ya taifa ilikataa kuupiga, lakini ulienea kwa kaseti na kumbini, na umejadiliwa na watu wa afya ya jamii pamoja na watu wa muziki. Una kisa, una mgogoro, una matokeo, na una waandishi huru walioushughulikia kwa sababu zao wenyewe. Kwa vigezo vilevile ambavyo albamu ilikuwa inahangaika kuvitimiza, wimbo huu unavitimiza bila kusukumwa, ingawa haujawahi kuwa na chati wala cheti. Nilimwonyesha mwanafunzi wangu kwamba hili halikuwa bahati. Lilikuwa linathibitisha nilichosema juu ya dansi: kipimo sahihi kwa muziki huu mara nyingi ni wimbo, na sisi tulikuwa tumeazima kipimo cha albamu kutoka katika muziki wa watu wengine, kisha tukashangaa kwamba hakikai sawa.

Uamuzi wetu ulikuwa huu. Albamu haikupewa makala yake kwa sasa. Jina lake limewekwa kama elekezo kwenda katika sehemu mpya ya makala ya msanii, na sehemu hiyo ina aya mbili kamili: safari za WOMAD, kurekodiwa katika studio za Real World, mwaka wa kutolewa, nafasi yake kabla ya Mambo, albamu ya pili ya Real World iliyotoka mwaka 1992 chini ya mtayarishaji Rupert Hine, pamoja na usuli wa mfumo wa kurekodi nchini Tanzania kama ulivyoelezwa vitabuni. Orodha ya nyimbo imebaki, kwa kuwa ni habari ya kweli na ina mtu wa kuitafuta. Sifa zimeondoka. Katika ukurasa wa majadiliano tumeandika wazi ni kitu gani kitakachobadilisha uamuzi: tahakiki mbili huru zinazoijadili albamu yenyewe kwa aya kadhaa, au moja pamoja na ushahidi wa kanda za Radio Tanzania. Siku zitakapopatikana, elekezo linaweza kugeuzwa kuwa makala bila kumwomba mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, ruhusa, na historia ya rasimu ya kwanza itakuwa ipo palepale.

Wapo watakaosema kwamba nimekuwa mkali kwa albamu ambayo, kwa maneno yangu mwenyewe, huenda inastahili. Sidhani. Msomaji anayeandika jina la albamu leo anapelekwa mahali penye maelezo mengi kuliko ambayo rasimu ingempa, na hakuna kilichopotea ambacho kilikuwa na chanzo. Ningekuwa mkali kama ningefuta jina lisipatikane kabisa.

Mwanafunzi wangu sasa anaandika makala ya "Mambo kwa Soksi". Aliniambia kwamba ataanza na majalada ya Mfanyakazi, na kwamba akiwa hapo rafuni atafungua pia yale ya mwaka 1989 kuangalia kama kuna mwandishi aliyeisikiliza diski ile ilipofika mjini.